Susu na Chungu cha Kwanza

Mara ya kwanza kumwona akimimina ukwaju kwenye uji, nilidhani mama wa watu amechanganyikiwa. Nilikuwa nimehamia mtaa wa Maringo, hapa Nairobi, juzi tu, bado sijajua nani ni nani, na mlango wake ulitazamana na wangu kwenye ua. Mimi ni mtoto wa Majengo, kule Pumwani. Ukwaju naujua tangu utotoni: unakaa kwenye chatne ya bajia, unakaa kwenye sharubati ya Ramadhani, basi. Uji nao una mambo yake. Sasa namwona mtu mzima, leso kiunoni, kaketi kwenye kigoda mbele ya jiko la makaa, anamimina maji meusi kwenye chungu cha uji unaochemka. Nikashindwa kunyamaza.

"Mama, huo si ukwaju huo?"

Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala. "Ni ukwaju. Wewe ulitaka nitie nini? Mafuta ya taa?"

Ndivyo tulivyojuana. Jioni yake alinitumia bakuli, nikaonja nikiwa nimekunja uso tayari kwa kutema, na badala ya kutema nikaomba tena. Nilishtuka. Nimeishi na huyo mama ukuta kwa ukuta miaka mingi tangu siku hiyo, na ukiniuliza alikuwa mtu wa namna gani, jibu langu ni hilo moja: alikuwa mtu wa kushtua. Kila nilipodhani nimemzoea, alinishtua upya.

Tulimwita Susu. Ni neno la Kikamba la bibi, na ua mzima ulilitumia, mpaka wazee ambao kwa hesabu yangu walimzidi umri. Mzee wa kanisa wa nyumba ya kona, mvi mpaka kwenye nyusi, alikuwa anapita akiinama: "Susu, umeamkaje?" Naye anaitikia kama bibi yake kweli. Hakuwahi kumrekebisha mtu.

Kwao ni Ukambani, mbele ya Mwingi, kwenye joto, karibu na mto ambao muda mwingi wa mwaka hauna maji, ni mchanga mtupu. Mikwaju inaota kando ya mto huo yenyewe. Hakuna aliyeipanda, hakuna mwenye nayo, na ikiiva watu wanaokota. Kila msimu ndugu zake walipakia gunia kwenye basi, naye akalifuata mjini mwenyewe na kulirudisha juu ya mkokoteni, akitembea pembeni na kumgombeza mwenye mkokoteni njia nzima kwamba anatikisa. Mtu akimtania kwamba sokoni Gikomba ukwaju umejaa tele, anajibu kwamba Gikomba kuna vitu vinafanana na ukwaju.

Upishi wenyewe ulikuwa kazi ya siku. Kwanza kuvunja maganda, kutoa nyuzi, kuchagua. Halafu kuloweka kwenye maji ya uvuguvugu na kukamua kwa mkono mpaka kokwa zibaki uchi, kisha kuchuja. Unga ni wa mawele, kutoka kwao vilevile. Uji unapikwa kwanza peke yake, unaiva, ndipo maji ya ukwaju yanaingia kidogo kidogo, mwiko hausimami. Mwaka wa ukame ukwaju hutoka mkali wa kukwaruza koo, na mwaka huo nilimwona akichota majivu jikoni, akayatia kwenye bakuli la maji, akangoja yatuame, kisha akateka yale maji maangavu ya juu akatia kijiko kwenye uji. Nikapiga ukelele. "Susu! Majivu!" Hata hakugeuka. Tulikula, na ule ukali ulikuwa umetulia, na hakuna aliyeumwa tumbo. Hilo pia lilinishangaza.

Ulimi wake sasa. Ulimi wake ulikuwa na kazi mbili, kuonja na kutukana, na zote alizifanya kwa moyo wote. Jirani mmoja alikuja kumwomba uji eti amesikia unashusha presha. Susu alimkalisha, akampa, akangoja amalize, kisha akamwambia, "Umeshiba? Haya, sasa nenda hospitali. Mimi nimekupa chakula, sijakupa dawa." Msichana mwingine akaja na simu, anataka kumpiga picha ya video akichuja, watu waone mapishi ya asili. Susu akamuuliza kama anajua kuvunja ganda. Msichana akasema hapana. "Basi weka hiyo simu chini ujifunze kwanza, watu watakuona baadaye." Yule msichana alitoka pale saa za jioni, kucha zimekuwa nyeusi, video hana. Ila alirudi msimu uliofuata kusaidia, na uliofuata tena.

Alikuwa na roho ya kutoa isiyo na adabu. Namaanisha alitoa bila kukuuliza kama unataka kupewa. Alijua nani kwenye ua hajawasha jiko siku hiyo, sijui alijuaje, na utasikia mlango unapigwa na mguu kwa sababu mikono imebeba sufuria. "Hii imebaki," anasema, na ilikuwa haijabaki, ilikuwa imepikwa kwa ajili yako. Wale vijana wanaovuta bangi nyuma ya ukuta, ambao mzee wa kanisa alikuwa akiwaombea kwa sauti ili wasikie, Susu aliwapelekea uji kwenye jagi. Nikamuuliza kwa nini. "Kwani bangi inashibisha?"

Na alikuwa mnafiki, jamani. Chakula cha mjini alikisema vibaya asubuhi mpaka jioni. Mandazi ni hewa, mkate ni pamba, chipsi ni viazi vilivyokosa wazazi. Siku moja niko zangu Jogoo Road, naingia kibanda cha chipsi kumnunulia mwanangu, namkuta nani kwenye benchi la mwisho, kageukia ukutani? Susu, sahani imejaa, nyanya ya chupa mpaka kidevuni. Nilishtuka nikasahau kilichonipeleka. Yeye akafuta kidevu kwa utulivu, akasema, "Nimekuja kuangalia vile watu wanaharibika." Kisha akasukuma sahani upande wangu tukamaliza pamoja.

Lakini jambo kubwa kwake lilikuwa chungu cha kwanza.

Chungu cha kwanza ni kile cha ukwaju mpya, siku ya kwanza ya msimu. Siku hiyo familia yote ilikuja, na sisi majirani tukaitwa. Viti vinatolewa ua mzima, nyama inachomwa, lakini hakuna anayegusa kitu kabla ya uji, na hakuna anayegusa uji kabla ya mpishi. Ndiyo ilikuwa desturi ya nyumba yao tangu kwa mama yake. Aliyepika anasimama mbele ya chungu, anachota kwa upawa, anaonja watu wote wakimtazama, anameza, kisha anasema, "Umefika." Alinieleza sababu. Tunda la duka unajua litakuwaje. Tunda la porini hulijui, mti huu si kama ule, mwaka huu si kama ule, kwa hiyo lazima awepo mtu mmoja anayeweka ulimi wake mbele na kusema, mimi nimepika, mimi nimeonja, kuleni. Mpishi wa kwao hajifichi jikoni. Alikuwa akilisema hilo kwa kiburi kabisa, kifua mbele.

Na mtu mmoja tu wa nyumba ile hakuketi mbele ya chungu hicho: mkaza mwana wake.

Mwanawe Susu alioa msichana wa Murang'a. Mimi nilikuwepo msimu wake wa kwanza. Msichana mwembamba, mpole, anayetaka kupendwa mpaka unamwonea huruma. Uji ulikuwa umeiva na ukwaju umeshaingia, Susu akaitwa barabarani kuwapokea wageni kutoka Mwingi, akamwachia mwiko. Sasa kule kwa msichana, kumpa mgeni wa heshima uji usio na maziwa ni kama kumwambia hukumtarajia. Akaona chungu hakina maziwa, akaona wageni wanakuja, akadhani mama mkwe amesahau, na maziwa fresh yalikuwa pale. Akamimina yote.

Maziwa na ukwaju haviketi pamoja. Yalikatika papo hapo. Susu alirudi na wageni nyuma yake, akasimama mbele ya chungu, akachota bila kuangalia, akaonja mbele ya watu wote. Sijawahi kuona uso ukibadilika hivyo. Akatema kwenye leso. Akatazama mabonge meupe yanayoelea, akamtazama msichana, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Nilimwambia kijana wangu alete mke. Ameniletea kopo la maziwa."

Watu walivunjika mbavu. Yule msichana alicheka pia, macho chini, mkono bado umeshika mwiko. Toka siku hiyo jina lake likawa Mama Maziwa. Alipozaa mtoto wa kiume akawa Mama Mutua kwa adabu, lakini siku ya chungu cha kwanza lile jina lingine lilirudi, na hadithi ikasimuliwa upya na Susu mwenyewe, kila mwaka, kwa mbwembwe mpya. Mama Mutua alikuwa ndani anaosha vyombo. "Huyu akae huko na sufuria," Susu alisema ule mwaka wa kwanza, na hakuwahi kubatilisha. Watoto wa Mama Mutua walikua wakiketi mbele, karibu na bibi yao. Binti yake mkubwa alipewa jina la Susu, kama desturi inavyotaka, na hata hilo halikumtoa mama yake jikoni. Mtu aliyewapelekea wavuta bangi uji kwenye jagi alimfungia mkwe wake mlango kwa sababu ya maziwa. Nilimwambia mara moja kwamba amezidi. Mimi ni fundi cherehani; akaniuliza kama nimekwisha kushona suruali za watu.

Halafu akaugua. Ilikuwa homa kali, wiki nzima hospitalini, tukadhani anatuacha. Alirudi amekonda lakini mdomo uko palepale, tukashukuru. Vitu vidogo tu vilibadilika. Nilimpelekea chai niliyosahau kutia sukari, akanywa yote akanirudishia kikombe bila kulalamika, yeye ambaye alilalamikia hata mvua. Nikasema ni uzee. Msimu ulipofika chungu cha kwanza kikawepo, akasimama, akaonja, akasema umefika, na kwa kweli ulikuwa umefika. Mzee wa kanisa aliramba bakuli. Msimu uliofuata hivyohivyo. Tulisema mkono wa Susu hauzeeki.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Ni juzi, msimu uliopita, kabla hajarudi kwao Mwingi moja kwa moja.

Asubuhi ya chungu cha kwanza nilimpelekea vitambaa vya meza nilivyomkunjia pindo. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, nikaingia nikiita. Jikoni kwake namkuta Mama Mutua amechuchumaa, mbele yake sufuria kubwa iliyofungwa blanketi, anahamisha uji kutoka sufuria hiyo kuingia kwenye chungu cha Susu. Mvuke unapanda. Harufu ya ukwaju imejaa chumba. Susu ameketi kando, mikono mapajani, hafanyi kitu.

Nikasimama na vitambaa vyangu. Sikuelewa, kisha nikaelewa.

"Funga mlango," Susu akasema.

Nikafunga. "Susu, huu uji nani amepika?"

Mama Mutua ndiye aliyejibu, bila kuinua kichwa. "Mimi."

"Na wa mwaka jana?"

"Mimi. Na wa mwaka juzi."

Nilikaa chini kwenye ndoo iliyogeuzwa. Nikaelezwa yote, huyu akianza na yule akimalizia. Ile homa iliondoka na ulimi wa Susu. Chumvi, sukari, uchachu, uchungu, hakuna. Daktari alimwambia huenda ladha ikarudi, huenda isirudi, na haikurudi. Msimu ulipokaribia alijaribu kupika mara moja, akiwa peke yake, asijue ametia kiasi gani, akamwaga yote. Kisha akavaa viatu vya kanisani akaenda mtaa wa Mukuru kwa Reuben, anakokaa mwanawe, akachagua saa ambayo mwanawe yuko kiwandani. Mama Mutua huko anauza uji. Anaamka alfajiri, anapeleka kwenye geti la viwanda vya Industrial Area, wafanyakazi wa shifti wanapanga foleni kwake. Uji wa ukwaju alifundishwa na dada yake Susu, alipokaa kijijini baada ya kumzaa Mutua. Kwenye geti wanamwita kwa jina la uji huo. Kwenye ua wetu anaitwa Mama Maziwa.

"Aliniambia nisiseme," Mama Mutua akasema. "Sikusema. Hata baba yao hajui, anajua ni uji wangu wa kuuza."

Nikamgeukia Susu. Damu ilikuwa imenipanda. "Wewe si ndiye umetufundisha mpishi anaonja mbele ya watu? Miaka miwili unasimama pale unasema umefika. Unaonja nini?"

"Moto," akasema. "Nasikia moto na baridi. Basi."

"Na yeye unamrudisha jikoni akaoshe vyombo! Na ile hadithi ya maziwa mwaka jana uliisimulia tena, nilikusikia kwa masikio yangu!"

"Watu wangesema nini?" Sauti yake ilikuwa ndogo, sikuizoea. "Mimi ni nani bila hiki chungu?"

Mama Mutua akaweka sufuria chini. Akafuta mikono. Nilitarajia alie, hakulia.

"Mama, watu waseme wanavyotaka, mimi nilishazoea. Lakini wacha nikwambie kitu, sikukuambia mwaka jana. Nilipika sufuria moja. Nusu nikakuletea, nusu nikabakisha nyumbani. Msichana wangu akala hapa, mbele yako, akasema hakuna mtu Nairobi anaweza pika hivi. Jioni nikampa ile ya nyumbani. Akaonja, akaweka chini. Akaniambia, 'Mathe, umejaribu, but hii yako si kama ya Susu. We wachia tu Susu.' Na akacheka. Vile nyinyi hucheka."

Nje mtu alikuwa anapanga viti.

"Ilikuwa sufuria moja, Mama. Mtoto wangu mwenyewe. Mimi leo nimeleta, lakini sitaleta tena. Siwezi kupika kitu cha kumfundisha mtoto kunidharau."

Akaanza kuosha sufuria yake. Susu alimtazama mgongo, kisha akainuka akaenda kuvaa.

Mchana ua ulijaa. Ndugu wa Mwingi walikuwepo, mwanawe Susu na shati la pasi, wajukuu, majirani, mzee wa kanisa kwenye kiti chenye mikono. Binti aliyerithi jina la Susu, sasa yuko kidato cha tatu, aliketi mbele kabisa. Chungu kikaletwa. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma, maana sikujua Susu atafanya nini, na nilikuwa nimejiapia kwamba akisema umefika nitaondoka na sitarudi.

Akasimama. Akachota. Akainua upawa mpaka midomoni, akaushusha.

"Mama Mutua," akaita. "Njoo hapa."

Mama Mutua akatoka jikoni, povu bado liko mikononi. Watu wakaanza kutabasamu, wakidhani hadithi ya maziwa imekuja na maonyesho mwaka huu.

"Shika," Susu akasema, akimpa upawa. "Onja wewe. Wewe ndiye umepika."

Ua mzima ukacheka.

Nilishtuka kuliko nilivyowahi kushtuka maishani. Walicheka! Mwanawe akasema, "Mathe, wacha mchezo bana, watu wana njaa." Mzee wa kanisa akainua kidole: "Mnaona? Mtu mkubwa hujishusha. Susu anatufundisha unyenyekevu." Watu wakaitikia amina.

"Si unyenyekevu," Susu akasema. "Ulimi wangu ulikufa na ile homa. Huyu ndiye anapika. Mwaka juzi, mwaka jana, leo."

"Susu, huyu?" Ni yule binti, anacheka mpaka mabega yanatikisika. "Huyu wa maziwa? Zii, Susu, haiwezekani. Zii!"

Nilimwona Mama Mutua. Alikuwa ameshika upawa kama alivyoshika mwiko ule mwaka wa kwanza, na alikuwa ameanza lile tabasamu la macho chini. Nikapaza sauti, "Ni kweli! Nimeona mimi asubuhi!" Mzee wa kanisa akanipungia mkono, "Nawe umeingizwa kwenye mchezo, mama." Mtu akasema Susu amechoka na jua, aletewe kiti. Mwanawe akamshika kiwiko taratibu, kama mtu anavyomshika mgonjwa.

Alikuwa amelisimulia lile jambo vizuri mno, miaka yote hiyo. Sasa anajaribu kulibomoa na halibomoki. Nilimwona akilijua hilo. Akatazama huku na huku, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha.

Akauvuta mkono wake kutoka kwa mwanawe. Kwenye meza ya nyama palikuwa na bakuli la chumvi, ile ya mawe. Akachukua kijiko, akakijaza mpaka kikamwagika, akakitia mdomoni.

Akatafuna. Tulisikia ikivunjika kwenye meno. Uso wake haukusogea, hata jicho halikupepesa. Akameza, akajaza kijiko cha pili, akatia, akatafuna akitutazama mmoja mmoja. Kicheko kilikatika kuanzia mbele kwenda nyuma. Mzee wa kanisa alibaki na kidole hewani. Mwanawe alisema "Mathe," mara moja, kwa sauti ya mtoto.

"Nasikia mchanga," Susu akasema, chumvi inamtoka pembeni mwa midomo. "Kama ule wa mto wa kwetu. Nasikia mchanga peke yake. Mnataka nile bakuli lote?"

Akachota tena. Mama Mutua akatupa upawa, akamshika mkono, kijiko kikamwagika kwenye leso zao wote wawili.

"Inatosha, Mama. Inatosha. Wameona."

Walishikana hivyo, Mama Mutua analia, Susu hajui afanye nini na mikono. Susu alikuwa anamtazama mjukuu wake juu ya bega la Mama Mutua. Binti alikuwa amesimama.

"Mum," akasema. Alikuwa anasema polepole, akitafuta. "Mwaka jana. Ile ya jioni. Ile nilikataa."

Mama yake hakumgeukia mara moja. Kwanza alimfuta Susu chumvi kidevuni kwa ncha ya leso, akamkalisha kwenye kigoda, akaomba mtu alete maji. Kisha akaokota upawa, akauosha, akachota uji, akaonja mbele yetu sote bila haraka yoyote.

"Ilikuwa hii," akamwambia binti yake. "Lete bakuli, kabla haijapoa."